Mtoto Aliyekimbia Mwanga

Watu walimsifu mwanangu macho kabla ya kumsifu kitu kingine chochote. Mkunga alipomaliza kumfuta alisema, "Huyu kaja na macho ya kuposewa." Mama mkwe wangu, Bi Tatu, akamsogeza karibu na kibatari, akacheka mwenyewe kwa furaha. Yalikuwa makubwa kweli, meusi, yameujaza uso. Majirani zetu wa Mtoni waliokuja kutoa hongera walimtazama, wakatazamana wao kwa wao, wakauliza upande wa nani wenye macho ya namna ile. Mie nikavimba kichwa. Nilikuwa mzazi mpya, mtoto wa kwanza, na niliamini nimezaa mrembo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo naijua tangu utotoni, ila siku zile haikunijia.

Naandika haya kwa ajili ya mama mwenzangu ambaye mwanawe ana macho ya kusifiwa na machozi yasiyokauka. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo asitafute humu maneno ya kiganga. Sikuyajua wakati ule, na mengi siyajui hata leo. Ninachokijua ni hofu. Nimekula nayo, nimelala nayo, na mpaka sasa haijahama nyumbani kwangu, imehamia tu chumba cha uani.

Kwetu mzazi na mtoto hukaa ndani siku arobaini. Chumba changu kilikuwa na kidirisha kimoja, na Bi Tatu alikiziba kwa kanga ili upepo usimwingie mtoto. Tulikaa humo na harufu ya ubani, mwanga wa kibatari, na Zuhura wangu, ambaye alinyonya vizuri na kulala vizuri. Bi Tatu mwenyewe alimpaka wanja, akamchora mjukuu nyusi mpaka akafanana na bibi harusi. Machozi yalimtiririka mtoto bila kulia, yakiharibu wanja. Niliuliza. Bi Tatu akasema watoto wachanga ndivyo walivyo, akanikamua ziwa na kumtonesha maziwa machoni, kama mama yake alivyowafanyia wao.

Siku ya arobaini alinyolewa, akavishwa gauni jeupe. Masika yalikuwa yamepumzika kidogo na jua lilitoka kali. Wanawake walijaa uani. Bi Tatu akambeba, akavuka kizingiti ili amwonyeshe ulimwengu. Mtoto alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Alijikunja kama aliyemwagiwa maji ya moto, akaufukia uso kifuani mwa bibi yake, akafumba macho kwa nguvu mpaka paji la uso likakunjamana. Kila walipojaribu kumgeuza, alilia zaidi.

"Jicho hilo," akasema mmoja. "Mmemsifu mno nyie."

"Mrudisheni ndani," akasema mwingine.

Tukamrudisha. Kule gizani akanyamaza, akafumbua macho, akanyonya. Bi Tatu alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Nataka hapa nieleweke, maana waliotucheka baadaye ni wengi. Tulifunga hirizi, tukaongeza kanga ya pili dirishani, tukaacha kumtoa mtoto. Na ikawa dawa. Tukimtoa analia, tukimrudisha ananyamaza. Tulijaribu asubuhi, tulijaribu jioni, jawabu lilikuwa lile lile. Giza lilimtibu mbele ya macho yetu wenyewe. Ungekuwa wewe, ungebishana na dawa inayofanya kazi? Basi masika yote yaliisha mwanangu akiwa gizani, ametulia, anaongezeka uzito, na sie tunamshukuru Mungu.

Kilichotutoa gizani ni paa. Mvua zilipokwisha, makuti ya chumba changu yalikuwa yameoza, na mume wangu Bakari, ambaye kazi yake ilikuwa ufundi wa baiskeli lakini alijiona fundi wa kila kitu, akapanda juu kuyafumua ili aezeke upya. Nilikuwa nimekaa chini na Zuhura amelala mapajani, nimemfunika kanga. Nilimwambia aningoje nihamie chumbani kwa mama yake. Hakungoja. Kuti la kwanza likaondoka, la pili, na mwanga wa saa nne asubuhi ukaanguka chumbani kama ndoo ya maji.

Mtoto alishtuka. Nikamfunua kumtuliza, na kabla hajafumba nikaona. Pale palipotakiwa kuwa peusi palikuwa na rangi ya moshi. Lilikuwa kama jicho lililotiwa pumzi, vile unavyopulizia kioo. Na la kushoto lilikuwa kubwa kuliko la kulia, sasa nililiona wazi, limetuna mpaka kope hazikulifunika sawasawa.

"Bakari, shuka."

"Nina kuti mkononi."

"Litupe. Shuka umwone mwanao."

Alishuka. Alimtazama muda mrefu, mikono imejaa vumbi la makuti, asithubutu kumshika. Kisha akauliza jambo ambalo mie sikulithubutu: "Huyu anatuona?"

Ndipo nilipokumbuka kwamba alikuwa akinigeukia ninaposema. Nikinyamaza, hageuki.

Bi Tatu hakutaka hospitali. Alisema kule wanakata, na kwamba mtoto wa fulani alikwenda na kikohozi akarudi amefungwa sanda. Nilimjibu vibaya siku ile. Nilimwambia, "Mama, mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kitakuwa changu." Hakusema nami mpaka tulipoondoka. Bakari alituweka nyuma ya baiskeli, mie na mtoto chini ya mwavuli na kanga mbili, tukashika barabara ya kwenda mjini.

Asikudanganye mtu, ugonjwa ni mabenchi. Benchi la nje, benchi la varanda, benchi la mbele ya mlango. Sakafu ilinuka dawa ya kuoshea, wagonjwa wamekaa wamegeukia upande wenye hewa na mwanga, na mie peke yangu nimewapa mgongo, nimekaa nikiutazama ukuta, mtoto nimemfukia. Kila aliyepita alitaka kuchungulia. Mama mmoja alinishauri nimwoshe macho kwa maji ya mwarobaini. Mwingine akasema ni surua imeingia ndani. Nilikuwa nikiitikia "asante" huku nikitamani niwapige.

Daktari wa macho alikuwa Mzungu mwembamba ambaye hakukaa Dar es Salaam. Alikuja mara moja moja, akakaa siku chache, akaenda zake miji mingine. Kiswahili chake kilinyooka mno, kama mtu anayesoma hotuba. Alimtazama Zuhura kwa kitaa kidogo, akamgusa jicho juu ya kope kwa vidole viwili, taratibu, kama anayejaribu embe. Akauliza ameanza lini kuukimbia mwanga. Nikamweleza yote, siku arobaini, kanga mbili, giza. Hakunikemea.

"Mama," akasema, "ndani ya jicho kuna maji. Maji haya yana njia ya kutokea. Mtoto wako amezaliwa njia imezibwa. Jicho la mtoto ni laini, kwa hiyo maji yakijaa, jicho linatanuka."

"Ndiyo maana makubwa?"

"Ndiyo maana makubwa."

Basi ule uzuri wote ulikuwa uvimbe. Watu walikuja kunipongeza kwa uvimbe.

Bakari akauliza, "Akiachwa hivi?"

"Atakuwa kipofu."

"Na ukimtibu?"

"Huenda ataona."

Neno hilo "huenda" nililichukia. Nililirudia njiani, nililirudia nikisonga ugali, nililirudia nikiwa na kofia mkononi. Kazi yangu ni kudarizi kofia za viua, na kazi yenyewe yote ni kutoboa: unatoboa kitundu, unakizungushia uzi, unatoboa kingine. Daktari alikuwa amenionyesha kwa kidole atakavyofanya. Hatalipasua jicho. Atapitisha kisu chembamba kama sindano pembeni kabisa, pale cheusi kinapokutana na cheupe, akivushe mpaka upande wa pili kwa ndani, akwaruze kidogo kufungua ile njia, atoke. Hakuna kushona. Kitundu chenyewe kitajifunga. Alidhani ananituliza. Mie najua sindano inavyofanya mkono ukiteleza kidogo. Niliiweka kofia ile chini na sikuigusa tena mpaka mwaka uliofuata, maana kila kitundu kilinitazama.

Kisu cha kwanza kilikuwa wakati wa kipupwe, jicho la kulia, ambalo daktari alisema lina matumaini zaidi. Tulilazwa kabla ili atiwe matone ya kupunguza ukungu. Siku yenyewe, tangu alfajiri, nilikatazwa kumnyonyesha kwa sababu ya dawa ya usingizi. Hakuna aliyeniambia jambo hili lilivyo gumu, kwa hiyo nakwambia wewe. Mtoto ananusa maziwa. Anakutafuta kwa mdomo, anakung'ata bega, analia mpaka sauti inakauka, na wewe maziwa yanakuchuruzika mpaka kiunoni. Nesi alipokuja kumchukua nilikuwa namwomba Mungu amchukue haraka, kisha alipomchukua nikamfuata mpaka mlangoni nikitaka kumnyang'anya.

Mlango ukafungwa. Nilibaki varandani na matiti magumu kama mawe.

Kitanda cha jirani yetu wodini kilikuwa cha Mama Anselmi, mke wa karani wa reli, mtu wa bara, Mkristo, mwenye rozari shingoni. Mwanawe Anselmi alikuwa wa umri wa Zuhura, na yeye mwenyewe homa ilikuwa imemkausha maziwa. Mtoto yule alikuwa akinyweshwa uji kwa kijiko na kuutema wote. Siku zote tulikuwa tumesalimiana tu. Asubuhi ile alinitazama gauni langu lilivyolowa, akaangalia chini, akasema polepole, "Dada, nisamehe kama nakosea. Wako hayupo, na wangu ana njaa."

Nilinyosha mikono. Anselmi alininyonya kwa nguvu kama aliyekuwa akidai haki yake, na mie nililia kwa nafuu ya kifua na kwa hofu ya kule ndani kwa pamoja, nisijue lipi ni lipi. Bi Tatu alipokuja kutuletea chakula nikamweleza, nikijua atasema. Kwetu mtoto uliyemnyonyesha amekuwa wako, hawezi kumwoa binti yako mpaka kufa. Akafikiri. "Haya," akasema, "Zuhura kapata kaka. Kaka Mkristo, lakini kaka." Akammegea Mama Anselmi nusu ya samaki wake.

Walimrudisha mwanangu amefungwa bandeji jicho la kulia na mikono yote miwili imevishwa mirija ya karatasi ngumu ili asiweze kukunja viwiko. Alikuwa kama kijisanamu. Kichwa kiliinuliwa kwa mito, asilale chali kabisa, na mie nilikaa upande wake nikihesabu pumzi zake kama mwenda wazimu. Asilie sana, walisema. Mtoto asilie! Niliimba nyimbo zote ninazozijua, nikaimba za kumsingia bibi harusi, nikaimba hata za unyago nikisahau nilipo, mpaka nesi akaniangalia vibaya.

Bandeji ilipofunguliwa Bakari alikuwepo. Alikuwa amekuja na shati safi kama anayekwenda msikitini. Daktari akaondoa pamba, akafungua kope kwa kidole gumba. Ndani ya jicho kulikuwa na damu. Haikuwa wekundu wa jicho linalouma, ilikuwa damu ndani, imejaa nyuma ya kioo cha jicho, hakuna cheusi wala moshi, damu tupu.

Bakari alirudi nyuma hatua moja. "Wamemtoboa," akasema. "Mama Zuhura, wamemtoboa jicho mtoto."

Daktari akasema damu hiyo aliitarajia, kwamba itatuama na kuondoka yenyewe. Halafu, kama aliyekuwa hajamwona baba wa watu alivyorudi nyuma, akasema jicho la kushoto lazima lifanywe kabla yeye hajaondoka mwisho wa juma lile. Ukungu wake unaongezeka. Akirudi msimu ujao utakuwa mzito, naye hataweza kuona anakopitisha kisu.

"Hapana," akasema Bakari.

"Bwana Bakari—"

"Moja mmeshalichukua. Hapana."

Akatoka. Nilimfuata mpaka kwenye ngazi. Nilitegemea atanifokea, lakini alikaa chini pale pale watu wanapopita, akashika kichwa. Alisema, "Unanitaka nimpeleke mwanangu mara ya pili kwa miguu yangu mwenyewe?" Watu hudhani mama ndiye aliyesimama imara. Mie nilikuwa nimekubaliana naye. Nilikuwa nimeiona ile damu. Nilitaka kumfunga mwanangu mgongoni na kurudi Mtoni kwenye giza letu, ambako angalau alikuwa hatoki damu. Kilichonizuia ni kwamba sikuwa na nguvu za kusimama.

Bila neno la baba, daktari hakuwa tayari kugusa jicho la pili. Siku zikapita. Bakari alikuja kila jioni, akakaa, akanitazama mie badala ya mtoto, akaondoka. Bi Tatu alikaa upande wake, nami sikumlaumu. Mama Anselmi alisali kwa Kilatini chake pembeni, mie nikasoma Yasini yangu, na kati yetu yule Anselmi akanawiri kwa maziwa ya mwanamke asiyepatana na mama yake kwa dini. Damu kweli ilianza kutuama. Ilishuka chini ya jicho kama mchuzi uliowekwa, juu pakaanza kupambazuka. Niliogopa kumwambia mtu. Niliogopa nikisema itapanda tena.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Daktari alikuwa aondoke Jumapili. Bakari alipitia kwetu kabla ya kufungua kazi, akamkuta nesi anatandika vitanda, ametuhamishia varandani. Jua lilikuwa linachomoza upande ule ule. Nilimfunika mtoto kwa mazoea, upande wa kanga usoni, na Bakari akasema, "Mtoe nimwone, nina haraka."

Nikamfunua nikiwa nimejiandaa kwa ukelele.

Zuhura alikunja uso. Jicho la kushoto alilifumba kwa nguvu, vile vile kama siku zote, mpaka shavu lilipanda. Lakini la kulia, lile lililotobolewa, lilibaki wazi. Lilimwelekea baba yake, jua limelipiga, na halikufumba. Akakaa hivyo, moja limefungwa, moja liko wazi, mdomo umepinda.

"Ananikonyeza," akasema Bakari.

Nikacheka. Sikukusudia, ilinitoka. Naye akacheka, akachuchumaa mbele yetu, akasogea kulia, akasogea kushoto, kama anayecheza na paka. Sijui kama lilimfuata siku ile. Kila mmoja wetu ana neno lake. Ila lilikuwa wazi kwenye jua, na mtoto hakulia. Kicheko cha Bakari kikageuka katikati. Aliweka kipaji cha uso kwenye goti langu na mabega yakamtikisika, mbele ya wagonjwa na manesi, mwanamume mzima.

Alipoinuka alifuta uso kwa mkono wa shati. "Maji ukiyavulia nguo," akasema, na hakumaliza. Akaenda kumtafuta daktari mwenyewe.

Kwa hiyo kisu cha pili kilikuwa kesho yake, na mama mwenzangu, usidhani hofu hupungua kwa mazoea. Mara ya kwanza nilikuwa naogopa giza nisilolijua. Mara ya pili nilikijua kila kitu: njaa ya alfajiri, mlango, mirija ya karatasi, damu. Mama Anselmi alinishika mkono mmoja na Bi Tatu akanishika wa pili, ingawa hakuwa amekubali hata siku moja. Alininong'oneza, "Mwanangu, kama ni macho, si wachukue yangu? Mie nimeshaona ya kutosha." Sikujua kwamba ananipenda mpaka siku hiyo.

La kushoto halikwenda vizuri. Ukungu ulimsumbua daktari, na hakutuficha. Alisema amefungua alichoweza kukiona. Tulirudi Mtoni na chupa ya matone na miadi ya kurudi wakati wa vuli. Wakati wa vuli akalirudia, kisu cha tatu, na ile "huenda" nikaibeba tena mlango ule ule. Safari hii alisema presha ya maji ndani ya jicho imeshuka, lakini jicho lilikwisha kutanuka mno na lilikaa gizani muda mrefu. Litaona mwanga na vivuli, labda kidogo zaidi. Heri nusu shari kuliko shari kamili. La kulia, alisema, linaonekana zuri.

Linaonekana zuri kwake. Je, linaona? Mtoto wa miezi ile hawezi kukuambia. Hapo ndipo palianza hofu mbaya kuliko zote, hofu isiyo na hospitali. Alikuwa akitambaa sasa, akinijia nikikaa. Lakini alikuwa akinisikia. Alikuwa akininusa. Nilivua bangili. Niliacha kutumia asumini. Nilikuwa najibana kwenye kona ya chumba, nimezuia pumzi, nimtazame kama atanijia. Akija nasema amenisikia moyo, asipokuja nasema ni kipofu. Nilipeperusha vitambaa mbele yake mpaka akawa ananikunjia uso. Bakari akisema anaona, nilimkatalia. Bi Tatu akisema anaona, nilimwuliza ana ushahidi gani. Nilikuwa sikaliki. Wakati huo nilikonda kuliko nilipokuwa hospitali, na nywele zikanipukutika mbele.

Ilikuwa karibu na masika mengine, joto kali, mchana. Nilikuwa nimelala ubavu mkekani, nimechoka kumpima, simtazami hata. Yeye amekaa karibu na ukuta, kimya. Ukimya wa mtoto ukizidi lazima ugeuke. Nikageuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kwa upande wa kulia, amekodoa macho ukutani, kidole kimoja kimenyooka. Kidole kikawa kinapanda ukuta polepole. Kikasimama. Kikapinda kushoto kidogo, kikaendelea kupanda.

Nilijikokota mpaka nyuma yake nione anachokifuata. Alikuwa sisimizi. Mmoja tu, mdogo, mweusi, kwenye chokaa.

Sisimizi hana sauti. Sisimizi hana bangili wala asumini.

Kabla sijasema kitu akambana kwa vidole viwili, akamtia mdomoni.

Nilipiga kelele ambayo majirani waliisikia. Bi Tatu alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, unga umemwagika mpaka miguuni, uso umebadilika.

"Kafanyaje? Mwajuma! Kafanyaje mtoto?"

"Kala sisimizi!"

Alisimama akihema. "Ndiyo unaniua kwa sisimizi?"

"Mama, kamwona. Alikuwa ukutani, kamfuata kwa kidole, kamwona mwenyewe."

Bi Tatu alimtazama mjukuu wake, ambaye alikuwa akitema na kukunja uso kwa uchungu wa mdudu yule. Kisha akauweka mwiko chini kwenye mkeka wangu safi, na unga wake wote, akapiga magoti kwa taabu, akaanza kupapasa kando ya ukuta.

"Tafuta mwingine," akaniambia. "Upesi, Mwajuma. Tafuta mwingine, nami nione."